Jina la kanga nililolikata

Leo asubuhi, mteja wa kwanza wa duka langu dogo la Darajani, nililolifungua baada ya miaka mitano ya kushonea barazani kwa mama, alikuwa bibi mmoja aliyelishika gauni nililoshona kwa doti ya kanga, akaligeuza, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, jina umelipeleka wapi?"

Nilikuwa nimelikata hilo jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga.

Pindo nililipanga vizuri mikononi na mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, ukakaa kifuani, lakini maneno "Wema hauozi" yaligawanyika: "Wema" ubavuni, "hauozi" ndani ya mshono, mahali ambapo hakuna atakayeyasoma.

Jioni hii nimelifumua gauni lote, na sasa jina limekaa zima mgongoni.

Ndugu zangu, nanyi mnaposhonesha kanga, jina mnapenda likae wapi?