Usiku Niliolala Horebu

Daftari langu la maombi lilikuwa na tarehe ya mwisho ya miezi saba nyuma. Nililikuta nikipanga begi la safari. Chini ya tarehe hiyo nilikuwa nimeandika neno moja, "Bwana", nikaweka mkato, na ukurasa wote uliobaki ulikuwa mweupe. Sikumbuki kama niliitwa na mtu siku ile au nilichoka tu. Nikalitia begini, chini ya nguo.

Watu hawakujua. Jumapili nilikuwa kwaya, Jumatano naongoza kikundi cha maombi, na mtu akinipigia usiku namwombea hadi anatulia. Nikishakata simu nabaki nimekaa kitandani, sina hata sentensi moja yangu mwenyewe ya kumwambia Mungu. Ilipotangazwa safari ya hija kwenda Sinai, mlima ambao Biblia huuita pia Horebu, nilijiandikisha siku ileile. Musa alikutana na Mungu kule, Eliya naye alikutana na Mungu kulekule. Nilikuwa na hakika kwamba nikifika kileleni, ule moto wa kwanza utawaka tena.

Tuliondoka Kairo asubuhi kwa basi, tukapita handakini chini ya Mfereji wa Suez, tukaingia rasi ya Sinai. Ni safari ya kutwa, na vituo vya ukaguzi ni vingi: unashuka, unaonyesha pasipoti, unapanda. Bahari ikatuacha, ikabaki milima mitupu ya mawe mekundu isiyo na jani.

Ndani ya basi nilisoma 1 Wafalme 19, sura niliyoihubiri mara kadhaa. Nabii Eliya ametoka tu mlima Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha, amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha Yezebeli, mke wa Ahabu, anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na mtu huyohuyo anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, na kuomba afe. "Yatosha," anamwambia Mungu. Nikaruka haraka mpaka mlimani, kwenye upepo, tetemeko na moto. Hapo ndipo nilipokuwa napataka.

Tulifika jioni. Monasteri ya Mtakatifu Katarina iko chini ya mlima, ndani ya kuta alizojengesha mfalme Justinian katika karne ya 6, na watawa wameendelea kusali humo tangu wakati huo. Wako wanaosema Horebu ya Biblia huenda ni mlima mwingine, lakini mahujaji wamekuwa wakipanda huu kwa zaidi ya miaka 1,600. Mwanamke aitwaye Egeria aliupanda karne ya 4 na akaonyeshwa pango la Eliya. Nilifurahi kujua mwanamke alinitangulia.

Saa saba usiku tukaanza kupanda. Njia ziko mbili: ile ya ngazi zipatazo 3,750 za mawe, zinazoitwa Ngazi za Toba, na ile ya ngamia, ndefu zaidi lakini si kali. Tukashika ya ngamia, tukiongozwa na Mbedui wa kabila la Jebeliya, watu ambao wamehudumu kwenye monasteri hiyo vizazi na vizazi. Kilele kiko mita 2,285 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 700 juu ya monasteri. Huoni kitu ila mstari wa tochi zikipanda gizani, na mara ngamia anakupitia kimya, unasikia pumzi yake tu sikioni.

Baridi ilinipenya mpaka kwenye meno. Katika siku mbili nilikuwa nimelala saa tatu tu, na tangu mchana sikuwa nimekula, kwa sababu nilikuwa nimeamua kupanda nikiwa nimefunga. Nilitaka Mungu aone kwamba sina mchezo.

Njia ya ngamia inapoishia, zinabaki ngazi kama 750 za kufika juu. Karibu na hapo pana uwanda mdogo uliozungukwa na miamba, wenye mberoshi mkongwe, nao unaitwa kwa jina la Eliya. Miguu yangu ilikatalia hapo. Nilipanda ngazi chache, nikashuka, nikapanda tena, magoti yakawa yanatetemeka bila mimi kutaka. Kiongozi wetu akasema jua halitatusubiri. Nikawaambia waende.

Niliketi nimeegemea mwamba, nikaona tochi zikipungua juu yangu moja baada ya nyingine. Nililia kwa hasira. Nimekuja mbali kiasi hiki, nimeangukia mlangoni! Nikajaribu kuomba na neno lililotoka lilikuwa lile la Eliya: yatosha. Kisha usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na mkono begani. Alikuwa mama mmoja mzee wa kundi letu, magoti yake nayo yalikuwa yamemsimamisha palepale. Alikuwa amenifunika shali yake. Mbele yangu ameweka mkate na kikombe cha chai ya moto.

"Amka mwanangu, ule."

"Mama, nimefunga."

Akaniangalia kwa muda. "Kula kwanza," akasema. "Kuomba tutaomba."

Nilikula. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi na mkate ulikuwa mkavu, na hata leo naweza kukuonyesha mahali ulipovunjikia mkononi mwangu. Ilinichukua dakika nzima kutambua maneno aliyoniambia. "Inuka, ule." Ndiyo mistari niliyokuwa nikiiruka miaka yote ili niufikie moto! Malaika alimkuta Eliya amelala, akamgusa, na hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akaja mara ya pili, akimwambia safari ni kubwa mno kwake. Siku arobaini za kwenda Horebu alizitembea kwa nguvu ya chakula kile.

Ndugu yangu unayesoma haya, kama unahudumia wengine na ndani umekauka, nakusihi usiharakishe kujiita mtu aliyerudi nyuma. Jiulize kwanza umelala lini. Mimi nilikuwa nimekesha kwa ajili ya kila mtu, nikaita hali yangu baridi ya kiroho, nikaongeza kufunga juu ya uchovu. Kufunga ni kwema na nitafunga tena. Lakini Baba aliyeuumba mwili wangu alijua unadai nini usiku ule, nami nilikuwa sitaki kumpa nafasi aseme jambo dogo hivyo.

Jua lilichomoza tukiwa palepale chini ya miamba, hatukuliona. Tuliona tu mawe ya juu yakigeuka rangi, kijivu kikawa waridi, waridi ikawa dhahabu. Baadaye, kundi likishuka, nikapanda ngazi zilizobaki polepole. Mama alinisubiri.

Juu palikuwa na watu wachache. Kuna kanisa dogo lililojengwa 1934, na msikiti mdogo karibu yake. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa. Nikaketi kwenye jiwe la nje na kumalizia ile sura. Mungu anamuuliza Eliya, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Anajibu. Upepo unapita, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo, ya utulivu. Anaulizwa tena swali lilelile, na jibu lake la pili ni lilelile la kwanza, neno kwa neno. Hata baada ya ile sauti, bado anasema amebaki peke yake. Mungu habishani naye. Anamwambia arudi njia aliyojia, anampa kazi ya kufanya, na anamjulisha kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti.

Sikusikia sauti yoyote. Nilisikia upepo, na mtu akicheka mahali fulani chini. Nilikaa hapo kwa amani ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu, kisha nikashuka, maana mama alikuwa baridini bila shali yake.

Monasterini tulipita haraka. Tulionyeshwa kichaka ambacho mapokeo yanasema ndicho Musa alichokiona kikiwaka: ni kibichi, kinaning'inia juu ya ukuta, na kinamwagiliwa kama mmea mwingine wowote.

Kwenye basi mama alilala begani kwangu. Nilisoma mistari ya mwisho: Eliya anashuka, na anamkuta Elisha shambani analima, jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, naye yuko na ile ya kumi na mbili. Nikafikiria Jumatatu yangu, meza ya kazi, vyombo vya jioni, simu za usiku ambazo nyingine zitaweza kusubiri asubuhi.

Nikatoa daftari. Sikufungua ukurasa mpya. Nilirudi kwenye ule mkato wa miezi saba, nikaendelea hapohapo: "Bwana, jana usiku nililala, na nilipoamka kulikuwa na chai."