Nilivyojifunza kufundisha muziki bila kuimba

Kilichoniharibia sauti si kuimba. Nalitanguliza hili kwa sababu kila aliyesikia habari zangu alinipa ushauri uleule: punguza kuimba kanisani. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu, na kila nilipoamini hivyo hali ilizidi kuwa mbaya.

Sauti ilinikatika kwenye ibada ya Ijumaa Kuu. Nilikuwa naimba solo, na kwenye ubeti wa tatu, pale wimbo unapopanda, nikafungua kinywa ikatoka hewa tupu. Mpiga kinanda hakusimama, waimbaji wa sauti ya kwanza wakaudaka wimbo, na nadhani nusu ya waumini hawakugundua kitu. Mimi nilijua. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka na sauti nzito, halafu kulikuwa na dalili moja niliyoipuuza: noti za juu nilizimudu kwa nguvu tu. Nikijaribu kuziimba taratibu hazitoki. Mwimbaji mwenzangu, ukifika hapo usingoje Ijumaa Kuu. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari aliingiza kamera nyembamba kupitia puani na kunionyesha nyuzi zangu za sauti kwenye skrini. Zilikuwa na vinundu viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande, pale theluthi ya mbele ya nyuzi inapokutana na sehemu ya kati. Hapo ndipo nyuzi hugongana kwa nguvu zaidi. Alinieleza kwamba nikiimba ile noti ya la inayotumika kulinganishia vyombo, yaani hezi 440, nyuzi zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Nilipiga hesabu nikiwa bado kitini: mara 26,400 kwa dakika. Hakutaja kisu. Alisema vinundu vya aina hiyo huanza kutibiwa kwa mazoezi na kwa kubadili namna mtu anavyoitumia sauti, akanipeleka kwa mtaalamu wa tiba ya sauti.

Huyo mtaalamu hakuanza na koo langu. Alinipa daftari: kwa wiki moja niandike kila saa niliyotumia sauti, na nilikuwa nafanya nini. Nilipolisoma mwenyewe niliona haya. Mazoezi ya kwaya na ibada pamoja vilinichukua saa nne hivi. Kufundisha kulikaribia saa ishirini, na katika saa hizo niliimba kuliko wanafunzi wangu. Sauti ya kwanza nawaimbia, ya pili nawaimbia, ya tatu nawaimbia, kisha naishusha sauti yangu ya alto, yaani ya pili, kwenye besi ambako haina kazi yoyote, nabana koo ili angalau wapate njia. Juu ya hayo, nahesabu kwa kelele kinanda kikiendelea kupigwa.

Siku saba za kwanza sikutakiwa kutoa sauti kabisa, wala kunong'ona, maana kunong'ona kwa nguvu kunazikaza nyuzi vilevile. (Ajabu ni kwamba ukinyamaza, watu nao wanakunong'oneza. Sijui kwa nini.) Nikaacha ile tabia ya kujikohoza kusafisha koo kabla ya kuimba, badala yake nameza mate au napiga funda la maji. Nilijifunza pia kwamba maji hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Yanapita njia ya chakula, kwa hiyo kunywa glasi nzima dakika moja kabla ya kusimama mbele ni kuchelewa. Unyevu lazima uanze mapema, siku nzima. Zoezi nililolidharau kuliko yote ndilo lililonisaidia: kutoa sauti kupitia mrija uliotumbukizwa kwenye maji kidogo, kupanda na kushuka taratibu, mapovu yakitoka. Watoto wa darasa la kwanza walilipenda sana.

Niliporudi kazini niliruhusiwa kuimba dakika kumi tu katika kila kipindi. Saa nzima, dakika kumi! Ilibidi nifufue kitu nilichokuwa nimekiacha kwa uvivu: solfa, yaani kuusoma wimbo kwa majina ya noti, do, re, mi. Kufundisha kwa mdomo ni haraka, wimbo unashikwa jioni moja, lakini wiki inayofuata unaanza upya, kwa sababu wimbo wameukariri bila kuujua. John Curwen, mchungaji wa Uingereza aliyeieneza solfa tangu miaka ya 1840, aliitaka kwa ajili ya watu wa kawaida wa makanisani ambao mistari mitano ya nota iliwatisha. Alianzia kwenye kazi ya mwalimu mmoja, Sarah Glover, ambaye ndiye aliyegeuza noti ya “si” kuwa “ti” ili kila noti ianze na herufi yake. Na alama za mkono zipo: do ni ngumi usawa wa kiuno, mi ni kiganja kilicholala, fa ni dole gumba linaloelekea chini, ti ni kidole kinachoonyesha juu.

Wazee wa besi walinigomea. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, sisi si watoto wa chekechea." Sikuwa na sauti ya kubishana naye, na kwa kweli hilo liliniokoa. Nilipiga do kwenye kinanda mara moja, nikainua mkono, nikangoja. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha tenori mmoja akaimba so, akakosea, akajirekebisha mwenyewe. Zamani nisingempa nafasi ya kujirekebisha, ningeshamwimbia.

Sauti ya pili ndio waliochukua muda mrefu. Kila wakisikia sauti ya kwanza wanaifuata kama kifaranga na mama yake. Nikaacha kuwafundisha mwisho. Sasa wanaanza wao, peke yao, mpaka waione njia yao kuwa ndiyo wimbo, halafu sauti ya kwanza inaingia juu yao. Kazi kubwa ilikuwa kwenye mi-fa na ti-do, zile hatua mbili ambazo ni nusu toni, fupi kuliko nyingine. Wakiziimba pana, wimbo wote unapotea. Kwa hizo niliweka mikono miwili, mmoja kwa kila noti, nikiisogeza mpaka inakaribia kugusana.

Baada ya miezi minne kamera ilionyesha kinundu kimoja kimeisha na kingine kimebaki kama punje. Nimerudi kuimba kanisani, ila nimeachana na solo za juu. Nasimama katikati ya sauti ya pili, na nikiwa na mafua siimbi kabisa. Darasani dakika kumi zimebaki kuwa sheria, ingawa hakuna anayenihesabia tena.

Besi bado wanashuka. Wimbo usiosindikizwa na kinanda, wakifika ubeti wa tatu, wanakuwa wametuvuta wote chini. Nimejaribu kuwaonyesha kwa mkono, nimejaribu kuwasimamisha badala ya kukaa. Jumapili iliyopita nilipandisha ufunguo, yaani kimo tunachoanzia wimbo, kwa nusu toni bila kuwaambia, wakaushikilia mpaka mwisho. Ijumaa tutaurudia kwenye ufunguo wa zamani, tuone.