Lecht: Tulikwenda Kuanzia Skii Padogo

Uskoti ina vituo vitano vya milimani vya skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu vinavyofungwa miguuni: Cairngorm, Glenshee, Glencoe, Nevis Range na Lecht. Wazoefu wakivitaja, Lecht mara nyingi huja mwisho, kwa kuwa ni kidogo na miteremko yake ni mifupi. Mimi nilikichagua kwa sababu hiyohiyo. Mpwa wangu anasoma Aberdeen na hakuwahi kuvaa skii, nami nilitaka aanzie mahali ambapo anayejifunza hapotei wala hapitwi kwa kasi na mabingwa.

Tuliondoka Aberdeen kungali giza, tukashika njia ya Alford na Strathdon. Kabla ya kuwasha gari nilitazama hali ya barabara. Majira ya baridi huku hilo ni la lazima, maana barabara ya A939, kutoka Cock Bridge hadi kijiji cha Tomintoul, inajulikana Uingereza nzima kwa kufungwa na theluji. Kuna mageti kabisa, na yakishafungwa hakuna kubembeleza.

Karibu na Cock Bridge kulipambazuka, tukaiona ngome ya Corgarff, nyeupe, peke yake mlimani, imezungushiwa ukuta wenye umbo la nyota. Baada ya vita vya Culloden vya 1746 serikali iliweka askari humo kuwadhibiti Wajakobiti, waasi waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye ufalme, na baadaye askari wengine wakakaa kuwasaka wafanya magendo ya wiski. Hapo ndipo mlima unapoanza kukaza: mwinuko unafika asilimia 20, gari linanguruma kwa gia ndogo, na pembeni hakuna nyumba wala mti.

Kituo kipo palepale barabara inapovuka kilele, mita 637 juu ya usawa wa bahari. Kwa futi ni 2,090, na ndiyo maana wanakiita Lecht 2090. Unaegesha gari, unatembea hatua chache, umefika kwenye lifti ya kuwapandisha watu mlimani. Mzazi akikaa mkahawani anaweza kumwona mwanawe akijifunza. Kwangu mimi uzuri wa Lecht uko hapo. Mtu asiyejua kitu anahitaji kuona mwanzo na mwisho wa kilima chake, na hapa anaviona.

Tulikodi buti, skii na helmeti. Buti za skii ni za plastiki ngumu, zina vifungo vya chuma, nazo zinakubana muundi hadi unalazimika kukunja magoti muda wote. Mpwa wangu akalalamika, "Mjomba, hizi hazinitoshi." Mwalimu akainama, akalegeza kifungo cha juu, akavuta soksi iliyokuwa imejikunja ndani, akafunga upya. Kilichokuwa kikiuma ni soksi.

Wanaoanza hawapandi lifti ya viti. Wanasimama juu ya mkanda unaotambaa polepole, unawafikisha juu ya mteremko mfupi, kisha wanashuka. Mwalimu aliwaonyesha namna ya kukutanisha ncha za mbele za skii na kutanua visigino. "Pizza!" alipaza sauti, nao wakapunguza mwendo. "Chipsi!" skii zikanyooka sambamba, wakaenda kasi. Wazee wawili na watoto wa shule walikuwa kundi moja, wote wakiitikia pizza na chipsi, wala hakuna aliyeona haya. Yeyote aliyeanguka alingojewa.

Theluji ya Uskoti haitulii. Upepo unaihamisha usiku kucha, na kwa hiyo kandokando ya miteremko wamesimamisha uzio wa vibanzi vya mbao ili inayopeperushwa inase na kurundikana pale inapotakiwa. Nje ya uzio unaona vichaka vya hedha, mmea mfupi wa milima ya huku, vimejitokeza, vyeusi. Wana pia mashine inayotengeneza theluji hata joto likiwa juu ya sifuri, nayo husaidia hasa pale wanapojifunzia. Nafurahi kwamba wameigharimia. Majira ya baridi hayatabiriki, na kituo kama hiki kikifa, watoto wa vijiji hivi watabaki kuitazama skii kwenye televisheni.

Mchana mpwa wangu alitoka kwenye mkanda, akajaribu lifti ya kuvutwa: unaweka kigingi chenye kisahani katikati ya mapaja, nacho kinakuburuta hadi juu huku skii zikiwa chini. Alishuka kwa pizza mwanzo hadi mwisho, polepole, uso umekazana. Nilimpigia makofi kwa nguvu zangu zote.

Kwa kuwa barabara ilikuwa wazi tuliteremkia upande wa pili. Huko kuna jiwe lenye maandishi kwamba kombania tano za Kikosi cha 33 cha jeshi la Uingereza zilitengeneza barabara mwaka 1754, kutoka hapo hadi mto Spey. Upepo ulikuwa ukikata masikio, nikawaheshimu wale askari na sururu zao. Tulikula Tomintoul, na supu haijafika mezani mpwa wangu alikuwa ameshafungua simu akitafuta bei ya kukodi skii kwa msimu mzima.