Pua yangu, simu yangu na video za kuosha mazulia

Nilikuwa na miaka 17 nilipoanza kuichukia pua yangu. Kabla ya hapo ilikuwa pua tu, ya kuvutia hewa na kutoa makamasi. Kisha nikaonja filta moja ya kamera ya simu, ile inayochonga pua kwenye picha, na kila nilipoizima, sura iliyobaki niliiona kama imeharibika. Nikawa mtumwa wa vioo: cha bafuni, cha gari lililoegeshwa, hata mgongo wa kijiko. Siku moja nilijihesabu; haijafika saa sita mchana nilikuwa nimeshajikagua mara 40 na ushee. Ndiyo, mimi ni mwanaume. Kuna wanaodhani haya ni mambo ya wasichana, ilhali kuna vijana wa kiume wenye misuli tele wanaojiona kama njiti.

Ushauri niliopewa bado unanikera. "Jipende, mdogo wangu," alisema dada. Asante, dada. Ni kama kumwambia mwenye homa apoe. Rafiki mmoja akasema nifute programu zote, basi. Hilo nililifanya kwa mbwembwe zote: nikatangaza kuwa naaga mitandao, nikamkabidhi dada nywila zangu, nikalala najiona shujaa. Siku ya tatu nikaingia kupitia kivinjari, eti nasoma ujumbe mmoja tu. Siku ya tano nikafungua akaunti mpya "ya masomo". Hapo ndipo nilipojimaliza. Akaunti mpya haikujui, hivyo inakusoma kwa kile unachokikazia macho. Nikaganda kwenye video moja ya upasuaji wa pua, ile ya kabla na baada, nikairudia mara tatu bila hata kubonyeza moyo. Kufika jioni, nilikuwa naletewa pua mtindo mmoja! Pua za kushoto, pua za kulia, pua zenye bandeji. Nilikimbia mvua nikajitumbukiza kisimani.

Iliyonifungua macho ni rula. Nilisoma kuhusu utafiti uliotoka Marekani mwaka 2018: picha ikipigwa sentimita 30 hivi kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo, kwa sababu iko karibu na lenzi kuliko masikio. Ukisogea mita moja na nusu, ule upotoshaji karibu wote unatoweka. Sikuamini. Nikaiegemeza simu kwenye rafu, nikapima, nikapiga ya karibu na ya mbali kwa taa ileile. Jamani! Watu wawili tofauti. Miaka miwili nimeililia pua iliyotengenezwa na urefu wa mkono wangu. Nilimwonyesha kila aliyeingia nyumbani, mpaka mama akauliza kama sina kazi.

Ila msidanganyike kwamba rula inaponya. Wiki iliyofuata nikahamia kwenye kidevu.

Ndipo nikaenda kwa mwanasaikolojia, jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa lau ningekuwa na akili. Gharama? Iliuma, ingawa haikufikia hata robo ya upasuaji niliokuwa nikiuota. Aliniambia ugonjwa huu wa kujiona una kasoro ambazo wengine hawazioni, au wanaziona ndogo tu, ulielezwa na daktari wa Italia, Enrico Morselli, mwaka 1891. 1891! Kwa hiyo simu haikuuzaa. Kwangu iliulisha tu. Akasema pia kwamba wengi wenye ugonjwa huu wakifanyiwa upasuaji hawaridhiki, huhamia kiungo kingine. Nikakikumbuka kidevu changu nikanyamaza.

Kazi za nyumbani alizonipa zilikuwa za ajabu: kupiga mswaki nikiwa nimekipa kioo mgongo, kwenda dukani bila ile kofia yangu ya kujifichia, kutomuuliza mtu yeyote "pua yangu ikoje?" Hili la mwisho lilinitesa kuliko yote, maana kila jibu lilinituliza dakika kumi tu kisha nikataka jingine.

Na simu? Hiyo niliishinda kwa hila yangu mwenyewe, naomba nisifiwe. Badala ya kuikimbia, niliifundisha upya. Kila pua au kidevu kikitokea, nabonyeza "sivutiwi" na kupita bila kukodoa. Halafu nikatafuta kitu kisicho na uso wa mtu: video za kuosha mazulia machafu. Nilizitazama mwanzo hadi mwisho, nikazirudia, nikawafuata waosha mazulia wanane. Baada ya siku kumi hivi, ukurasa wangu ulikuwa povu tupu.

Dada, yule wa "jipende", sasa huniazima simu usiku atazame mazulia. Sharti langu ni moja: asiguse pua ya mtu yeyote humo, ataniharibia.