Akilala, Analalaje?

Mwaka 2009 mama alimpeleka mdogo wangu Dar es Salaam kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, nami nikafuatana nao kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mtoto alikuwa na miaka tisa na mdomo wake haufunguki. Uji aliunyonya kwa mrija kupitia pengo la jino, na ugali mama aliuponda na mchuzi hadi ukawa rojo. Maneno yalimtoka huku meno yamebanana. Sisi nyumbani tulimwelewa, wageni hawakumwelewa.

Kilichotupeleka ni mdomo. Ya usiku mama hakuyahesabu katika ugonjwa ule. Kule kwetu Masasi watu walisema ana jinamizi, na kitabu cha dua kiliwekwa chini ya mto wake. Shuleni alisinzia hadi mate yakalowesha daftari, akachapwa kwa uvivu.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Mdogo wangu alimwamkia, naye akaitikia kisha akamwekea vidole viwili mbele ya masikio, kimoja kila upande, akamwambia aachame. Hakuna kilichocheza. Akapima nafasi kati ya meno ya juu na ya chini: milimita tatu. Mtoto mzima wa afya anaingiza vidole vyake vitatu vilivyopangana. Akamgeuza upande, akamtazama kidevu kilivyorudi nyuma kuelekea shingoni.

"Aliwahi kuanguka?"

Aliwahi. Akiwa na miaka minne aliteleza kwenye mkorosho akatua kwa kidevu. Kidonda kilishonwa kikapona.

"Na akilala, analalaje?"

Mama akasema anakoroma, lakini hata baba yake anakoroma. Hapo mimi nikashindwa kunyamaza. Tulilala chandarua kimoja, na hakuna aliyeyajua yale kama mimi. Nikamwambia daktari kwamba mkoromo hupanda, hupanda, kisha hukatika ghafla. Tumbo linainuka na kifua kinavutwa ndani, lakini puani hakitoki kitu. Halafu anashtuka kama aliyeibuka kutoka majini, jasho limemtapakaa, na kitanda wakati mwingine kimelowa. Usiku mwingi aliumaliza amekaa, mgongo ukutani. Daktari akaniomba nimwonyeshe kwa pumzi yangu mwenyewe inavyokatika, naye akatazama saa yake ya mkononi. Niliona aibu, lakini nilimwonyesha hadi mwisho.

Akavuta karatasi akachora fuvu. Taya la chini la mtoto hukua kwa sehemu kubwa kutokea pale juu, kwenye kiungo kilicho mbele ya sikio. Alipotua kwa kidevu, kishindo kilipanda hadi pale kikavunja mfupa, damu ikavilia ndani ya kiungo, na pole pole mahali pale pakageuka mfupa mtupu. Kiungo kikaganda, taya likaacha kukua. Ulimi nao umeshikizwa kwenye taya hilohilo, nyuma ya kidevu. Taya likibaki dogo, ulimi unasogea nyuma. Mchana misuli inauzuia. Usingizi ukija misuli inalegea, ulimi unaziba koo.

"Mama, huyu hana magonjwa mawili," akasema.

Mama alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo anayemkaba usiku ni taya lake mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Tangu siku ile nimesoma kila nilichopata kuhusu jambo hili. Lina sura nyingine kwa watu wazima, wale wanaoamka taya linauma na kichwa kizito. Utafiti wa Marekani uitwao OPPERA, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wenye dalili mbili au zaidi za kukatika pumzi usingizini walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 73, ya kuanza kupata tatizo la kiungo cha taya. Kwa mdogo wangu taya ndilo lilianza. Kwa wengine huenda pumzi ikatangulia. Ndiyo maana ninaamini kila anayetibu taya angeuliza habari za usingizi, kama alivyouliza yule daktari.

Upasuaji ulifanyika baadaye. Aliyehangaika zaidi ni daktari wa dawa ya usingizi, maana mdomo usiofunguka haupitishi mpira wa kupumulia, ikabidi upitishwe puani mtoto akiwa macho, kwa ganzi. Mfupa ulioganda ulikatwa, kipande cha ubavu chenye gegedu, yaani mfupa laini, kikapandikizwa mahali pake. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mdomo utafunguka kabla mkoromo haujaisha, kwa sababu kidevu bado kiko nyuma, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Lakini hata kabla ya kisu, siku tuliyorudi Masasi kutoka kwa daktari, mama hakupitia nyumbani kushusha mzigo. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa darasa akiwa na barua mkononi. Mwalimu akaisoma, akauliza taya na kusinzia vinahusianaje.

"Weka kidole hapa mbele ya sikio, mwalimu," mama akamwambia. "Sasa achama."