Nauli ya Kwenda kwa Dolly

Uwanja wa ndege wa Knoxville sikuona matatu wala basi la kwenda Sevierville. Ilikuwa teksi tu, na dereva aliponitajia bei nilimuuliza kama ananiuzia na gari. Nikalipa. Nimekulia Molo, Jumapili baada ya kanisa redio ya baba ni muziki wa kantri mpaka jioni, na mwimbaji Dolly Parton kwetu alikuwa kama jirani. Ningekuwa Tennessee nisifike Sevierville, kwao?

Mbele ya mahakama ya kaunti kuna sanamu yake, ya mwaka 1987: amekaa juu ya jiwe, miguu peku, ameshika gitaa. Kuitazama ni bure, jambo nililolishukuru sana. Dolly mwenyewe husimulia kwamba baba yake, Robert Lee, alikuwa akija usiku na maji ya sabuni kuisugua mavi ya njiwa.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi pale akaniuliza natoka wapi. Kenya. Hakuamini kwamba Dolly anajulikana huko, basi nikamwimbia ubeti mzima wa “Jolene”, sauti mbovu, neno halikunipotea. Akamwita mkewe kutoka garini, nikaurudia. Walikuwa wanaelekea Dollywood, bustani ya burudani yenye jina la Dolly, wakanipa lifti.

Humo ndani, kati ya vyakula vya bei ya kutisha, kuna nakala ya nyumba aliyolelewa Dolly. Kaka yake Bobby ndiye aliyeijenga, mama yao akaipanga ndani. Vyumba viwili, watoto 12. Kuta zimebandikwa magazeti. Watu walisikitika wakipiga picha. Mimi nilicheka peke yangu. Kwa shosho ukuta ulikuwa hivyo hivyo, na tulisoma habari za mawaziri waliokwisha kufa huku tukisubiri chai. Robert Lee hakujua kusoma, na ndiyo sababu binti yake alianzisha mpango wa kuwapa watoto vitabu mwaka 1995.

Mzee akanieleza kwamba Dolly alipozaliwa, Januari 1946, daktari alilipwa gunia la unga wa mahindi. Nikamwambia mkunga wetu alilipwa kuku, na akalalamika kuwa ni mdogo.

Lakini alilonisimulia kwa fahari zaidi ni la mwimbaji Elvis Presley. Elvis alitaka kurekodi “I Will Always Love You”, wimbo alioutunga Dolly. Meneja wake akadai nusu ya haki za wimbo. Dolly akakataa, ingawa alilia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, na haki zilikuwa bado za Dolly.

Kwetu nawajua waimbaji waliouza nyimbo kwa nauli ya kurudi nyumbani, wakaja kuzikwa kwa michango ya watu wanaozicheza harusini. Mzee akauliza kwa nini hawakukataa kama Dolly. Dolly wakati ule alikuwa ameonekana miaka saba kwenye kipindi cha televisheni cha mwimbaji Porter Wagoner, nikamjibu. Hao wetu walitia sahihi wakiwa hawajala tangu jana yake.