Kopo la kaviari, mabondo ya sangara, na ningu wa mzee wangu

Mwaka juzi nilikuwa nasubiri ndege ya kurudi nyumbani, nimetoka kufata mzigo wa nguo, sa nikawa nazungukazunguka kwenye yale maduka ya eapoti kusogeza muda. Kuna friji ndogo ya vioo, ndani ina vikopo vidogo kama vya kiwi ya viatu, na bei yake nilipoipigia hesabu kwa shilingi nikaona kabisa huu ni mtaji wa mama anayeuza dagaa pale Kirumba Mwaloni. Nikamuuliza muuzaji ni nini. Kaviari. Mayai ya samaki.

Mi nimekulia Magu, jirani na pale mto Simiyu unapoingia Ziwa Victoria, na mayai ya samaki kwetu yalikuwa ya watoto. Mama akipasua samaki mayai anayaweka pembeni, anayakaanga na chumvi, tunagombania. Hakuna mtu aliyewahi kuyauza peke yake, wala kufikiria kwamba kuna mahali yana thamani kuliko samaki mwenyewe.

Kilichonishika zaidi ni lebo ya lile kopo, ina mstari wa herufi na namba. Nilipofika Mwanza nikaanza kusoma, siku mbili silali vizuri. Ile lebo ni ya mkataba wa CITES, ule ule unaohusika na pembe za ndovu. Mwaka 1997 nchi zilikubaliana kuwaingiza stajeni wote (ndo samaki anayetoa kaviari) kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao nje ya nchi lazima iwe na kibali, ikaanza kazi Aprili 1998. Kwa hiyo ile mistari inakwambia ni stajeni wa aina gani, ametoka majini porini au amefugwa, nchi gani, mwaka gani, kiwanda kipi kimepaki. Na abiria anayebeba yake ya kula mwisho gramu 125, zaidi ya hapo anatakiwa awe na kibali.

Unaweza kusema makaratasi mengi hivo kwa ajili ya samaki wa matajiri, yatuhusu nini? Ngoja nikueleze huyo samaki anavyoishi. Yule mkubwa wa Bahari ya Kaspi, beluga, anaweza kufika miaka mia. Jike linakaa miaka 15 na zaidi ndo linataga kwa mara ya kwanza, na likishataga halirudii mwakani, linapumzika miaka kadhaa. Kutaga kwenyewe lazima lipande mtoni, na kule Volga wamejenga bwawa kubwa la umeme karibu na Volgograd, likakata njia. Afu Sovieti ikavunjika 1991, usimamizi ukalegea, kila mwenye wavu akaingia majini. Na mayai ya kaviari kwa kawaida unayapata kwa kumuua mama mwenyewe, tena wakati ule ule anapanda kwenda kuzaa. Yaani unaua mzazi na uzao wote kwa kisu kimoja.

Ndo maana nasema kuibana biashara ilikuwa sahihi. Mwaka 2001 biashara ya nchi kadhaa za Kaspi ilisimamishwa kwa muda, 2005 Marekani ikafunga mlango kwa kaviari ya beluga ya Kaspi, na Januari 2006 CITES wakakataa kupitisha viwango vya kuuza kaviari ya porini mpaka nchi zitoe maelezo yanayoridhisha. Siku hizi kaviari nyingi ni ya samaki wa kufugwa na China ndo inaongoza kuzalisha. Wizi haujaisha, kuna utafiti wa 2023 wa ukanda wa mto Danube waliopima vinasaba vya mayai na nyama, karibu nusu ya sampuli zilikuwa na kasoro, wengine walikuwa wanauza samaki wa porini kinyume cha sheria. Lakini angalau kuna kipimo na kuna lebo ya kumkamata mtu nayo.

Najua hoja ya upande wa pili kwasababu nimeiishi. Ulaya ilipozuia samaki wetu 1998 kwa sababu ya kipindupindu, halafu tena 1999 kwa sababu ya watu waliokuwa wanavua kwa sumu, bei ya sangara kwenye mwalo wetu (pale mitumbwi inaposhusha samaki) ilidondoka mpaka watu wakawa wanagawa. Mimi nilikosa ada muhula mzima. Kwa hiyo sishangilii mtu yeyote anayefunga soko kwa siku moja. Ila ile ya sumu ilinifundisha kitu, maana kabla ya hapo ukimsema mvuvi wa sumu unaonekana mbaya wewe, soko lilipofungwa tu, mwalo mzima ukawa unawataja kwa majina. Mnunuzi ana nguvu ambayo sisi wa mwaloni hatuna. Na mfumo wa kaviari naupenda kwa sababu mlango haufungwi moja kwa moja. Wanauliza tu: huyu samaki ametoka wapi, na mkiendelea kuvua kiasi hiki atabaki?

Sasa njoo kwenye mabondo. Kila mtu Mwanza anajua biashara hii, lile puto la hewa tumboni kwa sangara, linakaushwa linaenda Hong Kong na China. Zamani tulikuwa tunatupia mbwa. Leo bondo kubwa linalipa kuliko minofu, na bei ya kilo inapanda kadri bondo linavyokuwa kubwa, na bondo kubwa linatoka kwa sangara mkubwa, na sangara wakubwa kabisa karibu wote ni majike. Ile hesabu ya sentimita 50 hadi 85, yaani urefu wa sangara aliyeruhusiwa kuvuliwa, ilipowekwa, maana ya hiyo 85 ilikuwa kuwaachia wazazi. Sasa mwambie kijana wa mtumbwi amrudishe majini mama wa kilo 40 wakati bondo lake tu linamlipia mafuta ya wiki. Niliongea na ajenti mmoja wa mabondo, akaniambia, "Dada yangu, mimi sijui samaki, mimi najua mzani." Sikumlaumu, hakuna anayemuuliza zaidi ya mzani.

Sangara hayuko kwenye hali ya stajeni, hilo naliweka wazi, na yeye mwenyewe ni mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 50 na 60, furu wetu wengi, wale samaki wadogo wa asili, wameishia tumboni mwake. Anayefanana kabisa na stajeni ni ningu, samaki wa asili wa ziwa letu. Ningu anakaa ziwani, mvua zikianza kunyesha anapanda mtoni kutaga, kundi zima, na enzi za ujana wa mzee wangu watu walikuwa wanatega nyavu mdomoni kabisa mwa mto wanawasubiri. Mzee alitega pia. Anasema walikuwa wanapata ningu wamejaa mayai mpaka tumbo limekaza, na ilionekana ni baraka ya mvua. Leo ningu yuko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka duniani, na wanangu hawajawahi kumuona.

Kwa ningu tumeshachelewa mno, lakini kwa mabondo bado. Gunia la mabondo likitoka Mwanza liwe na lebo kama lile kopo: mwalo gani, mwezi gani, samaki wa ukubwa gani. Tanzania, Kenya na Uganda tayari wana chombo cha pamoja cha uvuvi pale Jinja tangu 1994, hawaanzi sifuri.

Wiki iliyopita nilipita sokoni nikakuta mama mmoja ana ningu watatu kwenye beseni, nikashtuka mpaka nikasimama. Nikamuuliza wametoka wapi, akasema Kagera. Nikampigia mzee simu. Kitu cha kwanza alichouliza: "Wana mayai?" Nikamwambia ndiyo, wote watatu. Akanyamaza kidogo, afu akaniuliza kama huku mvua imeshanyesha.